Lugha Nne Kando ya Mto Daua

Katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Kenya upo mji mdogo uitwao Rhamu. Umo katika Kaunti ya Mandera, magharibi ya mji wa Mandera wenyewe, na kutoka huko hata Nairobi ni safari ya kilomita zipatazo 1,000. Kaskazini yake hupita Mto Daua, na ng'ambo ya mto ni nchi ya Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Wakati wa mvua mto huo hujaa maji yenye rangi ya udongo. Wakati wa kiangazi kikali hukauka, ukabaki mchanga na vidimbwi. Kandokando yake watu hulima vitunguu, ndizi na maembe. Mbele kidogo ya mashamba hayo kilimo hukoma, na nchi ya ngamia na mbuzi huanza.

Na tumtazame mtoto mmoja wa mji huo, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyefika Gredi ya 7. Hatuna mtoto fulani moyoni. Huyu ni mfano wa wengi. Alfajiri yu chuoni, ambako kwao huitwa duksi, akisoma Kurani kwa herufi za Kiarabu kutoka kuume kwenda kushoto. Jua likipanda yu darasani, na macho yake yamegeuza mwendo: sasa asoma Kiingereza na Kiswahili kutoka kushoto kwenda kuume. Jioni akirudi nyumbani, bibi yake humsimulia hadithi kwa lugha isiyo mojawapo ya hizo tatu. Huenda ikawa Kisomali cha watu wengi. Huenda ikawa Kigarre. Na katika nyumba nyingine huwa ni Kioromo kama kile cha Waborana, maana wako Wagarre wasemao lugha hiyo. Basi kwa siku moja mtoto huyu amepita katika lugha nne, na katika namna mbili za kuandika.

Mahali pengi somo la lugha hudhaniwa kuwa jambo jepesi: sarufi, ufahamu, msamiati, insha, mashairi, na mtihani mwisho wa mwaka. Katika Rhamu si jepesi. Kila lugha iliyomo katika siku ya mtoto yule ililetwa, au iliachwa nje ya mlango wa shule, na watu fulani, kwa wakati fulani, kwa sababu fulani. Insha hii yataka kueleza mambo hayo kwa ufupi, na kuuliza swali moja: je, somo la lugha limemwongezea mtoto wa Rhamu elimu, au limemwondolea ile aliyokuja nayo?

Yafaa tuanze na chuo, maana ndicho shule ya kwanza katika nchi ile. Kabla ya serikali yoyote kujenga darasa la mawe, walimu wa Kurani walikuwako. Wengine walikaa mijini. Wengine walifuatana na watu wa ngamia, wakahama nao kila walipohama. Hawakuwa na madawati wala majengo. Kila mtoto alikuwa na ubao wake wa mti, na wino ulitengenezwa kwa makaa ya kusagwa au masizi. Aya ikiisha kuhifadhiwa, ubao uliosheshwa, ikaandikwa nyingine. Shule kama hiyo ilipakiwa juu ya ngamia bila taabu, na hii ndiyo sababu moja iliyoifanya idumu mahali ambapo shule nyingine zilishindwa.

Mtu aliyelelewa pwani hawezi kuona mambo haya kuwa mageni, kwani yeye naye alianza kwa alifu kwa ujiti. Lakini Wasomali walikuwa na jambo lao la pekee. Mapokeo yao yasema kwamba Sheikh Yusuf al-Kawneyn, aliyeishi karne nyingi zilizopita na kuzikwa karibu na Hargeisa, aliona watoto wakisumbuka na irabu za Kiarabu. Akazipa majina ya Kisomali kwa jinsi zilivyokaa: hii ni ya juu, hii ni ya chini, hii ni ya kupinda. Watoto wa duksi wamezikariri kwa majina hayo tangu kale. Hapo twapata fundisho la kwanza la historia hii. Mwalimu yule hakuifukuza lugha ya nyumbani ili kuingiza lugha ya kitabu. Aliifanya ya nyumbani kuwa daraja la kuvukia. Wenye elimu zaidi walikwenda mbele wakaandika Kisomali chenyewe kwa herufi za Kiarabu. Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, alitunga mashairi ya dini kwa Kiarabu na kwa Kisomali vilevile.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya elimu ya lugha ya Wasomali haikuandikwa popote. Ilikaa vichwani. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri katika nchi yao mwaka 1854, alistaajabu kwa wingi wa washairi aliowakuta. Shairi kubwa la wanaume, liitwalo gabay, lilitumika kusuluhisha ugomvi, kudai haki, kuomba ngamia aliyeibwa na kuchochea vita. Wanawake walikuwa na lao, buraanbur. Mshairi wa Kiswahili hufunga ubeti wake kwa vina vya mwisho na kwa hesabu ya mizani. Mshairi wa Kisomali hufunga lake kwa sauti ya mwanzo: akichagua sauti ya b, hapana budi kila mstari uwe na neno lianzalo kwa b, na shairi huweza kuwa na mistari mia. Walikuwako watu waliolisikia shairi mara chache tu wakalihifadhi lote, wakalipeleka mbali, wakitaja jina la mtungaji kila walipolisoma. Kulisoma bila kumtaja mwenyewe ilikuwa aibu. Huo nao ulikuwa somo la lugha, wenye kanuni, adabu na mtihani wake, ijapokuwa haukuwa na daftari.

Sasa tuje kwa Kiswahili. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili ni mgeni katika nchi ile, na kwa Rhamu neno hilo lina ukweli. Lakini tazama ramani. Mto Daua hutoka Rhamu ukaenda mashariki, na katika sehemu za Dolo hukutana na Mto Ganale, wakawa mto mmoja uitwao Juba. Juba hushuka kusini hata bahari karibu na Kismayu. Na pwani ile, pamoja na visiwa vyake, ni nchi ya Wabajuni, wasemao lahaja ya Kiswahili. Juu zaidi, katika mji wa Barawa, watu husema Chimwini, ambayo nayo ni ndugu ya Kiswahili. Na mshairi mwanamke Dada Masiti alitunga humo mashairi ya dini yaliyopendwa sana. Kwa hiyo maji yapitayo mbele ya Rhamu, yakifika mwisho wake, huwakuta Waswahili. Lugha hizi mbili zilikuwa majirani na zilinunuliana bidhaa na maneno karne nyingi kabla ya kuwako nchi iitwayo Kenya.

Lakini Kiswahili hakikufika Rhamu kwa njia hiyo ya mto na biashara. Kilifika kutoka kusini, kinywani mwa askari, karani na mkalimani wa serikali ya Kiingereza. Mwanzoni mwa karne ya ishirini serikali hiyo iliifanya nchi yote ya kaskazini kuwa jimbo la mpakani. Mwaka 1926 jimbo hilo lilifungwa, na sheria ya mwaka 1934 ikazidi kulibana: mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Kazi ya serikali huko ilikuwa kulinda mpaka, kutoza kodi na kugawa visima na malisho. Kwa sababu hiyo Kiswahili cha kwanza walichokisikia watu wengi kilikuwa Kiswahili cha amri: simama, toa, njoo, nenda. Si ajabu basi kama lugha ile haikupendwa mara moja. Lugha huchukua sura ya mtu aliyeileta.

Kufungwa kwa jimbo kuliacha pengo jingine. Katika sehemu nyingine za Kenya wamisheni ndio waliotangulia kuandika lugha za watu. Walichapa vitabu vya kusomea na vya dini kwa Kikikuyu, Kiluo, Kikamba na nyinginezo, na mtoto aliingia darasa la kwanza akasoma lugha ya mama yake. Katika jimbo la kaskazini mambo hayo hayakutokea. Wenyeji walikuwa Waislamu, jimbo lilikuwa limefungwa, na serikali haikuona haja ya kusomesha watoto wa wafugaji. Shule za serikali zilianza kuonekana huko baada tu ya Vita Kuu ya Pili, nazo zilikuwa chache mno. Hivyo, wakati ambapo mwanafunzi wa shule ya kati katika Kenya ya kusini alikuwa akiandika insha katika lugha mbili au tatu, mtoto wa rika lake kando ya Daua alikuwa hana ila ubao wa chuoni.

Uhuru ulipokaribia, lugha iliingia katika siasa. Jamhuri ya Somalia ilizaliwa tarehe 1 Julai 1960, na bendera yake ilikuwa na nyota yenye pembe tano. Pembe moja ilikuwa ni alama ya jimbo la kaskazini la Kenya. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza iliwakuta watu wengi wa jimbo hilo wakitaka kuungana na ndugu zao wa Somalia. Hawakupata walichotaka. Mwaka 1963 likaundwa jimbo la Kaskazini-Mashariki ndani ya Kenya, na mwisho wa mwaka huohuo, Kenya ikiwa na majuma machache tu ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa huko. Vita vilivyofuata, ambavyo watu huviita vita vya shifta, viliendelea hata mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Sheria kali zilizowekwa wakati huo zilibaki hata mwaka 1991. Rhamu yenyewe ilionja mambo hayo tena Juni 1977, wakati wa vita vya Ogaden, majeshi ya Somalia yalipoushambulia mji na kuua askari wa Kenya. Katika hali kama hiyo ni rahisi kuona kwa nini lugha isemwayo pande zote mbili za mpaka haikupata mtetezi serikalini. Mtoto aliyesema Kisomali hakuwa na hatia yoyote, lakini lugha yake ilibeba mashaka ya wakubwa.

Huku Kenya ikitazama upande mwingine, ng'ambo ya mpaka likatendeka jambo kubwa. Kwa miaka kumi na miwili Somalia huru ilikuwa imeendesha kazi zake kwa Kiingereza, Kiitalia na Kiarabu, kwa sababu watu hawakuweza kupatana juu ya herufi. Wako waliotaka za Kiarabu. Wako waliotaka herufi mpya alizozibuni Osman Yusuf Kenadid mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wako waliotaka za Kilatini, miongoni mwao mtaalamu Shire Jama Ahmed. Tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ilikata shauri: herufi za Kilatini. Herufi ambazo hazikuwa na kazi zilipewa kazi mpya. Ile c ikawa alama ya sauti ya Kiarabu iitwayo ain, na ile x ikawa ha nzito ya kooni. Ndiyo maana mwalimu kwa Kisomali huandikwa macallin, na msomaji asiyejua huduwaa.

Kisha ikaja kazi ya kufundisha. Mwaka 1973 ilikuwa zamu ya maofisa na watu wa mijini. Mwaka 1974 shule za kati na za sekondari zilifungwa kwa muda wa mwaka mmoja, na wanafunzi pamoja na walimu wao, jumla yao yapata 25,000, wakapelekwa mashambani na nyikani. Msomaji kijana, tafakari jambo hilo kidogo. Wengi wa waliopelekwa walikuwa na umri wako. Walilala walikolala wafugaji, wakanywa maziwa waliyopewa, wakahama pamoja nao. Na mchana, chini ya mti, walitundika ubao wakawafundisha watu wazima, wenye umri wa baba zao na babu zao, kuandika majina yao. Kisha ukame mkubwa wa mwaka huo ukaangukia nchi, mifugo ikafa kwa maelfu, na walimu hao wachanga wakajikuta wakisaidia kuwahudumia wenye njaa. Hawakuikamilisha kazi yao yote, wala hapana aliyeweza kuikamilisha. Lakini lugha iliyokuwa haina hata maandishi ya serikali ilikuwa, katika miaka michache, na magazeti, vitabu vya hesabu na vya sayansi, na kamusi. Mwaka 1976 mshairi Gaarriye alianza kueleza gazetini kanuni za mizani ya mashairi ya Kisomali, ambazo watu walikuwa wakizitii kwa sikio kwa karne nyingi bila kuziandika.

Haya yafunua kosa moja la fikira lililoenea sana zamani. Watu walidhani kwamba ziko lugha za shule na lugha za nyumbani, kana kwamba Mungu aliziumba hivyo. Sivyo. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu; hati ya Utenzi wa Tambuka ni ya mwaka 1728. Herufi za Kilatini zilikuja baadaye, hasa kwa kazi ya wamisheni kama Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja iwe Kiswahili cha shule, na tangu hapo mtoto wa Mombasa naye aliambiwa kwamba Kimvita cha mama yake si cha kuandikia mtihani. Kadhalika Kisomali kilichochaguliwa mwaka 1972 si kile hasa cha Mgarre wa Rhamu. Kila lugha ya shule ni lugha iliyochaguliwa. Kuchagua si dhambi, kwani bila kuchagua vitabu havichapwi. Bali dhambi huingia pale mtoto anapofundishwa kwamba kisichochaguliwa hakina thamani.

Serikali ya Kenya nayo ilikuwa ikichagua. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na Kiswahili kiwe somo. Kwa lugha za nyumbani iliacha nafasi ndogo, kipindi cha hadithi kila siku kwa watoto wa madarasa ya chini. Mwaka 1976 tume ya Gachathi ilisema afadhali madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali penyewe. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilileta mpango wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, na tangu hapo Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi. Kwa nchi nzima hilo lilikuwa jambo la heri. Kwa Rhamu lilikuwa heri na mzigo pamoja. Mtoto wa Mombasa huingia darasani akiwa na Kiswahili cha mamaye. Mtoto wa Rhamu hukikuta kitabuni. Wote wawili huandika insha ileile, kwa saa ileile, na hupimwa kwa mizani ileile.

Ng'ambo ya mto mambo yalikwenda njia nyingine. Siasa ya elimu ya Ethiopia ya mwaka 1994 iliruhusu shule za msingi zifundishe kwa lugha za wenyeji, na katika jimbo la Wasomali la nchi hiyo watoto hufundishwa kwa Kisomali. Kwa hiyo watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja upande huu wa Daua na mmoja upande ule, wanaweza kuitana kwa sauti wakasikizana, nao hujifunza hesabu kwa lugha mbalimbali. Hatusemi kwamba mmoja amepata yote na mwingine amekosa yote. Yule wa kusini anajua Kiswahili, ambacho kitamfikisha Dar es Salaam na Bujumbura. Yule wa kaskazini anajua kusoma lugha ya bibi yake. Kila mmoja angefurahi kuwa na kile alicho nacho mwenziwe.

Nairobi nako palikuwa na mjadala uliofika, baada ya miaka mingi, katika vitabu vya shule. Mwezi wa Oktoba 1968 walimu watatu wa chuo kikuu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wakiuliza kwa nini fasihi ya Uingereza iwe katikati na fasihi ya Afrika iwe pembeni. Wakataka fasihi simulizi iwe msingi wa masomo. Matunda yake ni kwamba leo mwanafunzi wa Kenya husoma habari za methali, vitendawili, ngano na nyimbo kama somo kamili. Mtoto wa Rhamu akifundishwa habari za zimwi katika ngano za Kiswahili, anaye Dhegdheer wa kwao, yule zimwi wa kike mwenye sikio refu ambaye hadithi zake zimewanyamazisha watoto wengi usiku. Akiulizwa maana ya vina, anaweza kueleza vina vya mwanzo ambavyo wenziwe wa kusini hawajapata kuvisikia. Hapo mwanafunzi hufika darasani na mzigo wa mali, si mikono mitupu.

Lakini mtaala haufundishi wenyewe. Mwalimu ndiye afundishaye. Kwa miaka mingi walimu wengi wa Kiswahili na Kiingereza katika kaunti za kaskazini-mashariki walitoka sehemu nyingine za Kenya. Walistahimili joto, umbali na upweke. Tarehe 22 Novemba 2014 wauaji wa al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi, wakawatenga abiria wasiokuwa Waislamu, wakawaua watu 28. Miongoni mwao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Mwezi wa Januari uliofuata walimu wengi wageni hawakurudi, na hapana mwenye haki ya kuwalaumu. Madarasa yakabaki na watoto na vitabu, bila mtu wa kuwasomea.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak, likielekea Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo. Wanawake waliwapa wenzao vitambaa vya kujifunika kichwa, na abiria wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Miongoni mwao alikuwa Salah Farah, mwalimu mkuu msaidizi wa shule moja ya Mandera. Alipigwa risasi, akafa hospitalini Januari 2016 kwa majeraha hayo, na taifa likamtunukia nishani. Filamu fupi iliyotengenezwa kwa kisa hicho iliitwa kwa maneno mawili ya Kiswahili: Watu Wote. Lugha iliyoingia katika nchi ile kwa neno la amri ilikuwa imefika mahali pa kuwa na maneno ya namna hiyo.

Tangu mwaka 2019 Kenya imeingia katika mtaala mpya wa umilisi, na Januari 2023 darasa la kwanza la sekondari ya msingi lilianza Gredi ya 7. Mtaala huo umeipa lugha ya mama nafasi katika madarasa ya chini. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya saba, ilikwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tena ikaiagiza serikali kukuza lugha za wenyeji. Sheria basi iko. Ila sheria haijui hadithi ya Dhegdheer. Bibi ndiye anayeijua, na bibi hakai milele.

Turudi kwa msichana wetu. Akitazama vizuri ataona kwamba lugha zake nne hazikai mbalimbali kama alivyodhani. Kitabu kwa Kiswahili ni kitaab kwa Kisomali. Kalamu ni qalin. Waraka ni warqad. Saa ni saacad. Mwalimu ni macallin. Maneno hayo ya elimu yote yametoka Kiarabu, ambacho alikisoma alfajiri. Herufi za Kisomali ndizo za Kiingereza, ambacho alikisoma mchana. Akiyajua haya, asubuhi yake na jioni yake huwa siku moja.

Swali letu lilikuwa kama somo la lugha humwongezea mtoto au humwondolea. Historia yajibu kwamba limefanya yote mawili. Lilimwondolea kila lilipoanza kwa kumwambia anyamaze. Lilimwongezea kila lilipoanza, kama Sheikh Yusuf alivyoanza, kwa kumwuliza jinsi wanavyosema kwao. Wanafunzi wa Somalia wa mwaka 1974 walipewa ubao wakaambiwa waende. Wewe msomaji hukuagizwa kwenda mbali. Chukua daftari, keti karibu na mzee wa nyumbani kwenu, uandike hadithi moja kwa lugha anayoisimulia. Kisha ifasiri kwa Kiswahili ili mwenzio wa kabila jingine aisome. Usisahau kuandika jina la aliyekusimulia, maana washairi wa nyika waliona aibu kulisahau.